Paladi kidogo ndani ya shaba nyingi: kichocheo kinachojua kuishia njiani

"Shikamoo Dokta. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia, na nimevutiwa na vichocheo vya aloi ambamo atomu za paladi au nikeli zimetawanywa mojamoja ndani ya shaba. Kinachonichanganya ni hiki: tulifundishwa kwamba aloi hupata tabia ya katikati ya metali zake mbili. Sasa ukitia paladi asilimia moja kwenye shaba, si utapata shaba ile ile iliyochangamka kidogo tu? Mbona wanasema inachagua zao, yaani kitu kinachotokana na mmenyuko, vizuri kuliko paladi tupu? Mwenzangu ananiambia ni 'kichocheo cha atomu moja' kile kile cha platini juu ya oksidi. Nafikiria kuchovya unga wa shaba kwenye mmumunyo wa chumvi ya nikeli, kisha niutumie kuondoa asetilini kwenye ethilini. Maabara yetu ina tanuri, mashine ya UV, na XRD, ile ya kusoma mpangilio wa atomu kwa eksirei, tunaazima. Je, hii ni mada ya miezi kumi na minane au najitafutia balaa?"

Marahaba. Balaa ipo, ila haiko pale unapoiogopa. Nianze nayo kwa sababu haiwezi kusubiri: usipitishe asetilini juu ya unga wa shaba. Asetilini na shaba huweza kutengeneza asetilidi ya shaba, na hiyo ikishakauka hulipuka kwa kusuguliwa au kupashwa moto. Ndiyo maana mafundi wa kuchomelea hukatazwa kuunga mipira ya asetilini kwa bomba la shaba. Utakuta makala za watafiti waliojaribu asetilini juu ya aloi za shaba, ni kweli, lakini wao hutumia kiasi kidogo mno, tena mara nyingi ndani ya chemba isiyo na hewa, kwa vifaa na uzoefu ambao wewe bado huna. Tutatafuta mmenyuko mwingine. Hata hivyo mfano wa asetilini ni mzuri sana wa kuelezea jambo lenyewe, kwa hiyo kwenye karatasi tuutumie.

Ethilini inayotengenezewa plastiki za ndoo na mabomba hutoka kwenye matanuri yanayovunja mafuta au gesi kwa mvuke, na hutoka ikiwa na asetilini kiasi cha asilimia moja hivi. Asetilini hiyo lazima ishushwe hadi sehemu chache tu kwa milioni, la sivyo inaua kichocheo cha hatua inayofuata, ile ya kuunganisha ethilini kuwa plastiki. Njia ni kuiongezea hidrojeni. Molekuli mbili za hidrojeni zikiingia kwenye asetilini moja unapata ethani, ambayo hukuihitaji. Ikiingia moja tu, unapata ethilini, na ethilini ndiyo unayoiuza. Kazi yote iko katika kuishia njiani, tena ndani ya bahari ya ethilini ambayo nayo inaweza kuongezewa hidrojeni wakati wowote.

Paladi tupu haijui kuishia njiani. Inavunja hidrojeni kwa urahisi, inainyonya hadi ndani ya bonge lake, na inaishika ethilini kwa nguvu, mara nyingi molekuli moja ikikalia atomu mbili za paladi zilizo jirani. Ethilini iliyoshikwa hivyo huku imezungukwa na hidrojeni itaongezewa tu. Shaba tupu ina kasoro ya upande wa pili. Ethilini haikai juu yake, inaondoka mara moja, jambo ambalo ndilo tunalolitaka; lakini shaba inaivunja hidrojeni kwa shida mno, kwa hiyo mmenyuko hauanzi kirahisi.

Hapa ndipo somo la "tabia ya katikati" linapokupotosha. Rangi, ugumu, upitishaji wa umeme, hizo ni tabia za bonge zima, na zinaweza kusogea kidogokidogo kadiri unavyochanganya. Mmenyuko haufanyiki kwenye bonge zima. Unafanyika pale molekuli ilipotua, na molekuli ikitua inakutana na atomu mbili, tatu, nne hivi. Haikutani na wastani. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: juu ya uso huu kuna maeneo ya aina gani, na kila hatua ya mmenyuko inafanyika kwenye eneo lipi?

Kwa muda mrefu wanakemia wameishi na masharti magumu. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi ya kuongeza hidrojeni kwa kutumia metali laini kama unga, ndiye tunayemhusisha na kanuni kwamba kichocheo kizuri hakishiki kwa nguvu mno wala kwa ulegevu mno. Baadaye mahesabu yakaonyesha kwamba kwenye metali tupu mambo mawili huenda pamoja: metali inayovunja kifungo kwa urahisi ndiyo hiyo hiyo inayong'ang'ania vipande vilivyovunjika. Ukihamia metali inayoachia, unapoteza uwezo wa kuvunja. Huwezi kurekebisha kimoja bila kukigusa kingine.

Aloi za atomu mojamoja zinakwepa sharti hilo kwa kutenganisha maeneo. Kuvunja kunafanyika kwenye paladi, kushika na kuachia kunafanyika kwenye shaba. Jaribio lililofungua macho ya wengi lilichapishwa mwaka 2012 na kundi la Charles Sykes pamoja na Maria Flytzani-Stephanopoulos wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Walichukua kipande cha shaba chenye uso uliopangika vizuri, wakaweka juu yake paladi kidogo sana, takriban atomu moja kwa kila mia za uso. Kisha wakautazama uso huo kwa hadubini ambayo sindano yake kali hupita juu ya metali bila kuigusa na kusoma mkondo hafifu wa umeme. Atomu za paladi zilionekana zimekaa ndani ya tabaka la juu la shaba, kila moja mbali na mwenzake. Hidrojeni ilipoletwa, ilivunjika kwenye paladi, na atomu za hidrojeni zikahamia kwenye shaba. Wakati huo huo stairini na asetilini zilizowekwa juu ya uso huo ziliongezewa hidrojeni kwa kuchagua zao, bila kusambaratika.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifuata mwaka 2013. Hidrojeni ikiwa imeshaingia juu ya shaba kupitia paladi, waliziba zile atomu za paladi kwa molekuli za kaboni monoksidi. Hidrojeni ikabaki pale pale juu ya shaba, imefungiwa. Walipozidi kupasha joto, kaboni monoksidi ikang'oka, na hapo hapo hidrojeni nayo ikatoka. Yaani atomu ile moja ni mlango wa kuingilia na wa kutokea, na hakuna mlango mwingine. Ukilielewa jaribio hili umeelewa nusu ya uwanja huu.

Nusu ya pili inahusu kile ambacho atomu hiyo haiwezi kufanya. Kuna mimenyuko inayohitaji atomu mbili au tatu za metali kali zilizokaa pamoja: kuvunja kifungo cha kaboni na kaboni, kunyang'anya molekuli hidrojeni zake zote, kujenga ule ukoko wa kaboni unaofunika kichocheo hadi kife. Paladi au platini ikikaa peke yake ikizungukwa na shaba, milango ya mimenyuko hiyo imefungwa kwa sababu jirani wa kusaidia hayupo. Aidha elektroni zake zenyewe hubadilika. Zile za kundi la d, ambazo kwenye paladi tupu hutandaa kwa kushirikiana na majirani wa aina yake, hapa hujibana kwenye nafasi nyembamba zaidi ya nishati. Ndiyo maana huwezi kubashiri tabia yake kwa kuangalia paladi tupu na shaba tupu kisha kugawanya kwa mbili.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba platini iliyotawanywa ndani ya shaba inaishika kaboni monoksidi kwa ulegevu kuliko platini tupu, kwa hiyo haitiwi sumu upesi na gesi hiyo. Mwaka 2018 mchanganyiko huo huo ulivunja vifungo vya kaboni na hidrojeni huku ukikataa kupata ukoko. Mwaka 2021 wakaja na rodi (metali iitwayo rhodium kwa Kiingereza) ndani ya shaba kwa ajili ya kugeuza propani kuwa propilini, na safari hii mahesabu ya kompyuta yalitangulia kuichagua rodi, majaribio yakafuata na kukubaliana nayo. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache kuziona aloi hizi kama bahati ya paladi na shaba.

Sasa mwenzako. Amechanganya ndugu wawili. Kile cha platini juu ya oksidi ya chuma, kilichotangazwa mwaka 2011 na kundi la Zhang Tao kutoka Dalian, China, kina atomu ya metali iliyofungwa kwenye oksijeni. Atomu hiyo ina chaji, na oksidi inayoizunguka hushiriki kwa namna yake. Kwenye aloi yetu atomu ni metali ndani ya metali, majirani wote ni shaba, na uso mzima ni uwanja ambao vipande vinaweza kutembea. Majina yanafanana, mifumo ni tofauti. Na neno "moja" lisikudanganye: sentimita moja ya mraba ya shaba ina atomu karibu trilioni 1,800 juu yake, kwa hiyo asilimia moja ni paladi trilioni 18. Ni nyingi. Zimetengana tu.

Kuhusu mpango wako wa kuchovya. Kwa nikeli hautafanya kazi. Njia ya kuchovya hutegemea shaba iiachie elektroni metali iliyo kwenye chumvi. Paladi inakubali kwa furaha, maana uwezo wake wa umeme ni karibu volti 0.95 dhidi ya 0.34 za shaba. Nikeli iko kwenye hasi, kama volti 0.26 chini ya sifuri. Utachovya hadi kesho, nikeli itabaki kwenye maji. Nikeli na shaba huunganishwa kwa njia nyingine: chumvi zake mbili hulowekwa pamoja kwenye unga wa silika, zikakaushwa, zikachomwa, kisha zikapunguzwa kwa hidrojeni kwenye joto, yaani kunyang'anywa oksijeni hadi ziwe metali.

Ukiamua kubaki na paladi au platini na kuchovya, kuna mtego wa hesabu ambao wanafunzi wengi huuingia wakiwa macho wazi. Wanasoma "asilimia moja", wanapima paladi asilimia moja ya atomu zote za shaba. Lakini paladi inatua juu ya uso, na chembe ya shaba yenye kipenyo cha nanomita 10 ina takriban moja ya kumi tu ya atomu zake juu. Kwa hiyo umeweka asilimia kumi ya uso bila kujua. Kwenye uso uliopangika, kila atomu ina majirani sita. Kama paladi zimetua ovyoovyo kwa asilimia kumi, nafasi ya atomu moja kukosa kabisa jirani wa aina yake ni 0.9 kuzidishwa yenyewe mara sita, yaani asilimia 53 hivi. Karibu nusu ya paladi yako imeshika mikono, na mimenyuko usiyoitaka imerudi. Kwa asilimia moja ya uso, nafasi hiyo ni asilimia 94. Kupasha joto kwenye hidrojeni husaidia kuzizamisha na kuzitawanya, lakini usianze kwa kutegemea huruma ya tanuri. Anza na moja kwa elfu. Na ondoa oksijeni kwenye maji yako kwanza, kwa sababu unga laini wa shaba ukikaa hewani dakika chache tayari umevaa oksidi, na oksidi haibadilishani elektroni na mtu.

Shida yako kubwa kuliko kutengeneza ni kuthibitisha. XRD haitakuonyesha chochote kwa kiwango hiki, na hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Kutoiona alama ya paladi kwenye XRD si ushahidi kwamba atomu zimetengana. Vifundo vidogo vya paladi navyo havionekani. Nimesoma tasnifu zilizojengwa juu ya mstari huo mmoja, na sikuzipitisha.

Ushahidi unaofikika zaidi ni kaboni monoksidi chini ya mwanga wa infraredi. Juu ya paladi iliyo peke yake molekuli hiyo husimama wima, na alama yake hutokea juu ya 2000 kwa sentimita (idadi ya mawimbi ya mwanga katika sentimita moja). Ikikalia atomu mbili kama daraja, alama hushuka chini ya 2000. Ukiona za daraja, paladi zako zimekusanyika. Shaba nayo hutoa alama karibu na 2100, ila inaishika gesi hiyo kwa ulegevu, kwa hiyo ukipitisha gesi tulivu kwenye joto la kawaida alama ya shaba hufifia kabla ya ile ya paladi. Hadubini za elektroni zinasaidia zaidi kama umetumia platini, kwa sababu atomu yake ni nzito mno kuliko shaba na hung'aa. Paladi haitofautiani sana na shaba kwenye picha. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha miali ya eksirei kwenye mashine ya sinkrotroni, kinachohesabu majirani wa kila atomu. SESAME, maabara ya sinkrotroni nchini Jordan, ina kituo cha kazi hiyo, na maombi huandikwa na msimamizi wako. Kiasi halisi cha metali utakipata kwa mashine ya AAS, inayopima metali kwa mwanga ambao atomu zake hufyonza, na ambayo maabara nyingi za madini hapa kwetu zinayo.

Kama ningekuwa mimi na vifaa vyako, ningechukua nikeli ndani ya shaba na mmenyuko wa ethanoli kuwa asetaldehidi na hidrojeni. Sababu yangu kubwa ni kwamba mmenyuko wenyewe unakuwa shahidi. Nikeli iliyojikusanya hupenda kuvunja kifungo cha kaboni na kaboni, na hapo ethanoli inatoa methani na kaboni monoksidi. Nikeli iliyotengana huharakisha kazi ya shaba bila kuleta hizo gesi mbili kwa wingi. Kwa hiyo unatengeneza sampuli tano zenye nikeli inayopanda taratibu, unazipitisha kwenye ethanoli kwa joto moja, na kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha gesi na kupima kila moja, unaangalia methani inaanza kuchomoza kwenye sampuli ya ngapi. Haithibitishi kila kitu, lakini ni hoja inayosimama, na nikeli haitakufilisi. Ethanoli nayo ipo. Nchi yenye viwanda vya sukari haikosi molasi. Kromatografia ya gesi hujaitaja. Bila hiyo usianze.

Usitarajie miujiza ya uimara pia. Shaba laini hujikusanya ikipita nyuzi joto 300 hivi, na gesi inayoshika sana metali ngeni, kama kaboni monoksidi, inaweza kuzivuta atomu hizo juu na kuzikusanya. Pima kichocheo kabla na baada ya saa nyingi za kazi, la sivyo hujui ulichopima ni kipi.

Mambo ya kufanyika ana kwa ana, si kwa kusoma majibu yangu: hidrojeni huwaka ikiwa hewani kwa chochote kati ya asilimia 4 na 75, kwa hiyo kaa na fundi wa maabara na msimamizi wako mkague valvu, bomba la kutolea na kipima uvujaji kabla ya kuwasha tanuri. Omba mtungi wa hidrojeni asilimia 5 ndani ya nitrojeni au agoni badala ya hidrojeni tupu. Shaba iliyotoka kupunguzwa usiimwage hewani. Inaweza kujiwasha yenyewe, hivyo ipoze kwanza na uipe hewa kidogokidogo. Asetaldehidi huchemka kwenye nyuzi 20 tu na ni sumu. Inatakiwa mtego wa baridi na kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi kweli, si lile lenye feni iliyokufa. Kaboni monoksidi ya kipimo cha infraredi isifunguliwe na mtu aliye peke yake chumbani, hata kama ni Jumamosi na haraka imekushika.

Na kama chuo hakitaruhusu gesi hizi, mada haijafa. Fanya upande wa mahesabu: chukua metali tatu nne ndani ya shaba, kokotoa zinavunja kifungo gani kwa nishati kiasi gani, na kama zinapenda kutengana au kukusanyika. Programu ya Quantum ESPRESSO ni ya bure, na shule ya ASESMA imekuwa ikiwafundisha vijana wa Afrika kazi hiyo tangu 2010. Mwulize msimamizi wako swali moja wiki hii: tunaweza kupata saa ngapi za kromatografia ya gesi kwa mwezi? Jibu lake ndilo litakuambia uchukue njia ipi kati ya hizo mbili.